Praima katika Upakaji Rangi wa Rimu za Gari la Zamani

Praima ni tabaka linalopakwa moja kwa moja juu ya chuma kilichosafishwa, kabla ya rangi inayoonekana, ili kuishika rangi hiyo isibanduke na kukikinga chuma na unyevu. Wapo wanaoiita rangi ya msingi, lakini jina hilo limekwisha kushikwa na somo la sanaa, ambamo rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu. Rangi ya kwanza nayo hutaja zamu tu bila ya kutaja kazi, na mkono wa kwanza wa rangi ya juu waweza kuitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo praima, ambalo mafundi wanalo tayari midomoni, ndilo linalostahili kuingia vitabuni.

Umuhimu wa tabaka hili hudhihirika zaidi mahali kama Konde, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, ambako bahari haiko mbali na upepo hubeba chumvi. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi ikiyeyuka katika maji hayo huyafanya yapitishe umeme kwa wepesi, nayo kutu ikaenda mbio. Tena kutu hutanuka kuliko chuma kilichoizaa, ikafura chini ya rangi na kuiinua. Ndiyo maana rimu ya Land Rover ya miaka ya 1950, iliyo ya chuma na yenye kipenyo cha inchi 16, huweza kuonekana nzima kwa nje ilhali imeliwa kwenye ukingo unaokaliwa na mpira. Anayeipaka rangi nyumbani bila ya kuuvua mpira huo ameuacha ugonjwa pale pale ulipo.

Rimu ikishavuliwa mpira hupigwa msasa mpaka chuma king'ae. Msasa wa maji ni bora kuliko mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza uani. Lakini chuma kitupu kilicholowa hushika kutu upesi, hivyo hukaushwa mara moja, hufutwa mafuta kwa tina, yaani kiyeyusho cha rangi, na kupakwa praima siku hiyo hiyo. Iliyo na unga mwingi wa zinki hufaa zaidi pwani, maana palipokwaruzika zinki huliwa kabla ya chuma. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa kazi hii, kwani unyevu ulioganda juu ya chuma hufungiwa ndani ya rangi. Kipupwe kina nafuu kubwa.

Sehemu moja haitaki tabaka nene, nayo ni pale nati zinapokaza rimu: rangi iliyorundikana hapo hubonyea gari linapotembea, na nati zikalegea. Kwa sababu hiyo nati hukazwa upya baada ya mwendo mfupi wa mwanzo.