Vijana wa Vyuo na Matayarisho ya Kazi ya Ugenini

Kazi ya kujitolea katika nchi ya watu haianzi siku ile mgeni anaposhuka melini au katika ndege. Yaanza nyuma, katika matayarisho. Na matayarisho yakiwa mabaya, hata nia njema huharibika. Katika kitabu hiki cha jubilei ndugu wengine wameeleza habari za kujengwa kwa makanisa na shule. Sisi twapenda kueleza jinsi vijana waliosoma vyuo vikuu walivyotayarishwa kuja kutumika Afrika, na ni fungu gani la matayarisho hayo lililokuwa mikononi mwa wenyeji.

Jambo hili ni la zamani. Tarehe 4 Desemba 1857 Dk. Livingstone alisema na wanachuo wa Cambridge, akawasihi waikumbuke Afrika. Na kwa mwito huo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ndiyo UMCA. Mwaka 1861 Askofu Mackenzie, mtu wa Cambridge, akaongoza kundi la kwanza hata nchi ya mto Shire. Walikuwa na elimu nyingi na moyo wa kweli, lakini nchi na lugha walikuwa hawajazijua. Mtumbwi ukapinduka, dawa zao zikapotea majini, na tarehe 31 Januari 1862 Askofu akafa kwa homa. Dk. Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alikaa kama mwanafunzi mbele ya watu wa Unguja, akajifunza maneno yao na hadithi zao. Mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, na wageni waliomfuata wakakuta njia imekwisha kufyekwa.

Miaka 100 baada ya safari ya Mackenzie likaja kundi jingine la vijana, lisilotumwa na kanisa bali na serikali. Usiku wa manane, tarehe 14 Oktoba 1960, John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, alisimama mbele ya wanachuo wa Michigan, mjini Ann Arbor, akawauliza kama wako tayari kutoa miaka ya maisha yao kufanya kazi Ghana na nchi nyingine. Wanachuo wakaitika kwa kukusanya sahihi za wenzao. Basi Kennedy alipokwisha kuwa Rais, tarehe 1 Machi 1961 akaanzisha Peace Corps, maana yake Kikosi cha Amani.

Tanganyika ilikuwa katika nchi za kwanza kuomba watu. Nchi ilikuwa karibu kupata uhuru, na ilihitaji barabara za kupitisha mazao mpaka sokoni. Lakini wapima ardhi walikuwa wachache mno. Kwa hiyo ikaomba wapima ardhi, wajuzi wa miamba na mainjinia, na tarehe 21 Aprili 1961 Rais Kennedy akatangaza kwamba watatumwa.

Vijana hao, wapatao 35, walitayarishwa kwa hatua tatu. Kwanza walikusanywa katika chuo cha Texas Western, mjini El Paso, wakafundishwa habari za Tanganyika na mwanzo wa Kiswahili, pamoja na mambo ya kazi yao. Hatua ya pili ilikuwa kambini katika misitu ya Puerto Rico, wakapanda majabali kwa kamba, wakaogelea, ili mwili uzoee taabu. Hatua ya tatu ilikuwa hapa kwetu, Tengeru karibu na Arusha. Huko waliongezewa Kiswahili na desturi za nchi kabla ya kutawanywa kazini. Chuo kiliwapa elimu, na kambi ikawapa nguvu. Lakini kuamkia wazee, kungoja kukaribishwa, kusikia neno ambalo mwenyeji analificha kwa adabu, hayo hayapatikani ila kwa mwenyeji mwenyewe.

Yaliyotokea mahali pengine mwaka ule ule yaonyesha uzito wa jambo hili. Walimu waliopelekwa Ghana waliposhuka Accra tarehe 30 Agosti 1961, waliimba kwa Kitwi, lugha ya nchi, na watu wakawafurahia. Lakini mwezi wa Oktoba, huko Ibadan, Nigeria, binti mmoja aliyekwisha kufundishwa katika chuo kikuu cha Harvard aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake, akataja jinsi watu wanavyoishi katika unyonge, wakipika na kuuza barabarani. Kadi ikaanguka mikononi mwa wanafunzi wenyeji, nao wakaandamana kwa hasira. Binti akaomba radhi kwa barua, akarudi kwao. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa mengi juu ya watu wale, lakini bado hajafundishwa nao.

Wakubwa wa Peace Corps walijifunza polepole. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mafunzo iliondolewa katika vyuo vya Marekani, ikahamishiwa nchi zenyewe, na wenyeji wakawa waalimu wa lugha. Tanzania iliachana na wageni hao mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Tengeru, basi, ilikuwa imetangulia.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi makatekista tunaelewa neno hili, kwa kuwa tunajua kwamba mtu hafundishwi kwa siku moja, wala hafundishwi kwa kusifiwa. Hata leo vijana wa vyuo huja mitaani kwetu kwa miezi michache, nasi huwaandalia viti vya mbele na kuku, tukawaacha warudi kwao hawajui hata salamu ya mzee. Huo si ukarimu. Ni kuwanyima fungu lao. Tuwape mwalimu wa lugha na mwenzi wa kazi aliye kijana wetu, tena tuwaambie kweli wanapokosea. Na vijana wetu wanaosoma vyuoni, watakapoitwa kutumika katika nchi za wengine, waende na daftari tupu pamoja na cheti chao, wakakae kwanza miguuni pa wenyeji wao.