Alikwenda Kariakoo

Katika ukoo wetu, huko Machakos, palikuwa na mtu mmoja ambaye habari zake zote zilikwisha kwa maneno mawili: alikwenda Kariakoo. Alikuwa kaka yake babu yangu. Jina lake ndilo nililopewa mimi, lakini kila nilipouliza juu yake, wazee waligeuza mazungumzo.

Sisi vijana tuliijua Kariakoo moja tu, nayo ni soko la Dar es Salaam. Basi tulijiundia picha ya mtu aliyefuata biashara pwani, akaoa huko, akasahau kwao. Mkewe, aliyeachwa mjamzito, aliitwa mwanamke aliyekimbiwa na mume. Alizikwa na sifa hiyo.

Nilipoanza kumtafuta, mwaka 1994, nilianza vibaya, kwani nilikuwa nikimtafuta mfanyabiashara. Aliyenirudisha njiani ni shangazi, yule binti aliyezaliwa baba akiwa ameshaondoka. Alisema mama yake alikuwa akimsimulia kuwa baba aliondoka kabla ya mafua makubwa, na kwamba tangu hapo mama alilipa kodi ya nyumba peke yake.

Mafua yale yalikuwa ya mwaka 1918. Hapo ndipo nilipoduwaa. Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na vita viliendelea kusini hadi Novemba 1918. Ni Mkamba gani angefunga safari ya biashara kwenda huko?

Kumbe Kariakoo haikuwa soko. Ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, lilivyotamkwa na watu wetu. Soko la Dar es Salaam lilirithi jina la kambi yao, na Kariokor ya Nairobi vivyo hivyo. Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwachukua wanaume kwa lazima, na mwaka 1917 msako ulizidi. Mshahara ulikuwa rupia 5 kwa mwezi, ukifika 6 baada ya miezi mitatu. Mtu alibeba mzigo wa kiasi cha ratili 50 katika mvua na matope, akila unga usioiva vizuri. Kuhara damu na malaria viliwaua wengi kuliko risasi. Inakadiriwa kuwa wapagazi wa upande wa Waingereza, kutoka nchi mbalimbali, walikuwa karibu milioni moja, na vifo vilivyoandikwa hukaribia 95,000.

Nilikwenda kwenye Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Niliona hesabu za watu, majina sikuyaona. Wala si mimi peke yangu niliyekosa. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwenye barabara ya Kenyatta iko sanamu ya shaba ya mpagazi, pamoja na askari wawili. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikaenda zangu.

Siwezi kuthibitisha kwamba babu alikufa. Wako wapagazi walionusurika wakabaki walikofika. Sina hati inayotaja siku aliyochukuliwa wala mahali alipolala mara ya mwisho. Nilichokipata ni maana ya neno. Wazee wa kwanza waliosema "alikwenda Kariakoo" walijua vyema wanalosema. Hawakuhitaji kufafanua, maana kila kijiji kilikuwa na wake waliokwenda. Walipokufa, neno likabaki nasi likiwa tupu, tukalijaza soko. Ukweli ulikuwa midomoni mwetu miaka yote, na kwa ukweli huo huo tukamdhulumu mjane.

Nilirudi nyumbani nikamweleza shangazi. Alikuwa akichambua maharagwe uani. Nilimwambia habari za vita, mizigo na rupia, naye akasikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu:

"Kwa hiyo mama hakukimbiwa?"

Nikamjibu, "Hapana, shangazi. Hakukimbiwa."

Akaliweka ungo chini, akaniomba niwaite wengine, niyaseme hayo tena wakisikia.