Mali bila daftari: shanga, merikani na mteja wa Tabora

Kuna picha moja ya historia yetu ambayo imenichosha. Mzee wa bara amekaa mbele ya nyumba yake. Mgeni anamkabidhi kishada cha shanga, mzee anatoa jino zima la ndovu, kisha anatabasamu kama mtoto aliyepewa peremende. Picha hii imo vitabuni, imo kwenye vibonzo, imo hata kwenye mazungumzo ya vijiweni: eti babu zetu walidanganywa kwa vitu vya kung'aa.

Sitaki kuifuta picha hiyo kwa kiburi cha kizalendo. Nataka tuisome upya, tena kwa maandishi ya wageni wenyewe. Ukiwasoma kwa makini Burton na Stanley, utawakuta watu wawili waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu jambo ambalo leo wenye viwanda huliita data za wateja. Walikuwa wanamwogopa mteja, na mteja huyo alikuwa Mgogo, Mnyamwezi au Mjiji.

Tuanze na ramani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipanda Usagara, ikakatiza nyika kavu ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, ziwani Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Ya tatu ilishuka kusini, Ufipa na mbele zaidi. Kwa hiyo Tabora haikuwa kituo cha kupumzikia tu. Ilikuwa ghala, na pia mahali pa kupokelea habari. Aliyetoka Ujiji alijua Ujiji wanataka nini mwaka huu, na aliyetoka Karagwe vilevile. Mizigo ilifunguliwa, ikachambuliwa, ikafungwa upya kulingana na njia inayofuata.

Richard Burton aliingia Kazeh, mji uliokuwa hapo Tabora, Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani. Alipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, na sehemu kubwa ya yale aliyoyaandika kuhusu nchi za ndani ilitokana na maongezi barazani kwa mwenyeji wake huyo. Kitabu chake cha 1860 kina orodha ndefu ya bidhaa. Kwenye shanga peke yake anasema zilikuwepo aina zipatazo 400, kila moja na jina lake na thamani yake.

Yatazame baadhi ya majina hayo. Kulikuwa na samesame, nyekundu kama marijani, ambayo pia iliitwa kimara-pamba, yaani inayomaliza masurufu, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kulala njaa ili aipate. Kulikuwa na ukuti wa mnazi, ya kijani. Kulikuwa na ububu, nyeusi, na kadunduguru, yenye rangi ya tofali. Shanga nyingi kati ya hizi zilitoka Venice, Italia, lakini majina hayakutoka huko. Waliozipanga na kuzipa majina ni watu wa pwani na wa bara. Kipimo pia kilikuwa chao: khete ni uzi wa shanga uliopimwa kwa mkono, na khete 10 hufanya fundo. Nguo nazo zilipimwa kwa shuka, ambayo ni mikono minne, na shuka mbili ni doti. Mtengenezaji wa Venice aliyetaka kuuza Afrika Mashariki alilazimika kuingia katika mpangilio huo, sio mpangilio kumfuata yeye.

Miaka 14 baadaye akaja Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone. Alipofika Unguja mwanzoni mwa 1871 alikuwa na fedha lakini hakujua anunue nini. Alikuwa amesoma vitabu vya waliomtangulia, na analalamika kwamba havikumsaidia kwenye maswali ya msingi: shanga kiasi gani, waya kiasi gani, nguo za namna gani, kwa watu wangapi? Jibu alilipata kwa mfanyabiashara wa Unguja aliyezoea kupeleka misafara bara, anayemtaja kama Sheikh Hashid.

Na mahesabu aliyopewa yalikuwa makini. Watu 100 watatosheka kwa doti 10 za nguo kwa siku. Basi mwaka mmoja unahitaji doti 3,650: merikani 2,000, kaniki 1,000, na nguo za rangi 650. Waya wa shaba uwe namba 5 na 6, unene unaokaribia waya wa telegrafu. Halafu shanga. Hapo ndipo Stanley aliposhika kichwa. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani yoyote. Zile kubwa, sungomaji, zilipendwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, lakini sehemu nyingine zingerudishwa. Nyeupe zilikwenda Ufipa, ila si Ukonongo. Ilimbidi akisie atakaa muda gani kila nchi, ndipo anunue. Ukikosea, umebeba magunia ya takataka kwa miguu, miezi mitatu, kwenye mabega ya watu unaowalipa.

Hebu tafakari hilo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifikia ratili 70, takriban kilo 32. Kila gunia la shanga zisizotakiwa lilikuwa ni mshahara na chakula cha mpagazi kilichopotea. Burton alionya kwamba uzembe katika kuchagua shanga ungeweza kuukwamisha msafara ukiwa karibu kabisa na shabaha yake. Isitoshe mitindo ilibadilika. Kipya kinyemi, wahenga walisema, ingawa kidonda. Shanga iliyogombewa mwaka jana ingeweza kukataliwa mwaka huu, na hakuna bunduki iliyoweza kumlazimisha mwanamke wa Ugogo auze mtama wake kwa rangi asiyoipenda.

Habari hizi zilisafirije? Kwa barua za hati za Kiarabu kati ya Tabora na Unguja, ndiyo. Lakini zaidi zilisafiri vichwani mwa wapagazi. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani kwa maelfu kila msimu, wengine na misafara yao wenyewe, muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kufika kwao. Mpagazi alijua bei ya Bagamoyo na alijua ladha ya kijiji chake. Alikuwa mchukuzi, mteja na mshauri kwa wakati mmoja. Tumezoea kumhesabu kwa mzigo aliobeba begani, huku habari alizobeba zikiachwa nje ya hesabu.

Kutoka Unguja habari zilivuka bahari. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akafungua ofisi Unguja, miaka minne kabla ya Mwingereza. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kizito, kigumu. Watu wetu wakakiita merikani, na jina likabaki kwenye lugha hadi leo. Kilipendwa kwa sababu zinazoeleweka: kilidumu, kilifuliwa kikabaki kitambaa, na kila gora lilifanana na lililotangulia, hivyo kingeweza kutumika kama fedha. Mawakala wa Salem waliokaa Unguja waliandika nyumbani kueleza kipi kinauzika na kipi kinaoza ghalani. Kwa njia hiyo chaguo la mnunuzi wa Unyanyembe lilifika hadi kwenye mitambo ya New England.

Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata pamba. Merikani ikaadimika, nafasi ikawa wazi. Baada ya vita Wamarekani walirudi, lakini walikuta jirani amejipanga. Bombay ilikuwa imeanza viwanda vya mvuke miaka ya 1850. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, walioikopesha misafara mitaji, walikuwa na ndugu zao Bombay na Kachi. Barua yao haikupita mikono mingi. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa, na mwaka 1872 Unguja ikapata huduma ya meli za mvuke za barua. Viwanda vya Bombay viliiga merikani ile ile, kwa uzito unaokaribiana na bei ya chini, na miaka ya 1880 soko likawa lao. Bombay ilishinda kwa sababu ilikuwa karibu, kwa bahari na kwa undugu, na watu wenye habari za mteja.

Mpaka hapa, msomaji wangu, hadithi inafurahisha. Babu hakudanganywa, babu alichagua, na ulimwengu ukamfuata. Ningeishia hapa ungenipigia makofi. Lakini kuna upande wa pili, na ndio unaonisumbua.

Habari zilipanda na kushuka, ila si habari zote. Salem, Venice na Bombay walijua rangi anayoipenda mwanamke wa Ugogo. Je, mwindaji wa Unyamwezi alijua pembe yake inakwenda kufanya nini? Pembe za Afrika Mashariki zilifika Connecticut, kwenye vitongoji vya Deep River na Ivoryton, zikachanwa vipande vyembamba kuwa funguo za piano za sebule za watu wa tabaka la kati. Piano zilivyoongezeka, ndivyo pembe zilivyotakiwa. Aliyeua ndovu aliujua ushindani wa bei uliofika Tabora, lakini chanzo cha njaa ile ya pembe hakikuwa kwenye habari zilizomfikia. Mteja alisomwa vizuri kuliko alivyoweza kusoma.

Na daftari lililoandika shanga liliandika pia watu. Njia ile ile ilipitisha watumwa, mahesabu yale yale ya masurufu kwa siku yaliwahusu na wao. Maarifa ya kumjua mnunuzi hayamfanyi mfanyabiashara kuwa mwema. Snay bin Amir aliyempokea Burton kwa ukarimu mkubwa aliuawa miaka michache baadaye katika vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sere, vita vilivyohusu nani atakayenufaika na biashara hiyo. Mwaka 1871 Mirambo naye akaifunga njia ya Ujiji kwa sababu hiyo hiyo. Watawala hawa walielewa kwamba kukaa katikati ya njia bila kuimiliki ni hasara.

Kuna na mafundi. Burton aliona vitanda vya kufumia Unyamwezi, pamba ya hapo hapo ikifumwa na watu wa hapo hapo. Kadiri kitambaa cha kiwandani kilivyolingana zaidi na matakwa ya mnunuzi, ndivyo mfumaji wa kijijini alivyokosa wateja. Kiwanda kilichosikiliza vizuri kilimnyamazisha jirani. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na mpagazi, aliyekuwa posta na gazeti la njia nzima, akaachwa pembeni.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tunaielewa kama onyo kwa mwenye duka mzembe, aandike mauzo yake. Mimi naisoma pia kama swali la historia: daftari liko kwa nani? Tabora ya karne ya 19 ilikuwa na mali, ilikuwa na ladha, ilikuwa na habari nyingi kuliko kitabu chochote alichosoma Stanley. Lakini habari hizo ziliandikwa na kujumlishwa Unguja, Bombay na Salem. Leo mkulima wa tumbaku wa Urambo, nchi ya Mirambo mwenyewe, analipwa kwa madaraja ya jani, na ladha ya mvutaji iliyo nyuma ya madaraja hayo iko mbali kama piano za Connecticut. Ndiyo maana ile picha ya mzee na shanga inanikera. Inatufanya tubishane kama babu alikuwa mjinga au mwerevu, wakati jambo la kuuliza ni aliyekuwa ameshika kalamu upande wa pili wa mzani.