Uchungu wa Mwana

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii tumeizoea mno, hata tunaichukua kuwa ni maneno ya kumpoza mama anayelia. Mimi naiona kuwa ni dai la elimu: kwamba mzazi anajua jambo ambalo mtaalamu peke yake hawezi kulijua. Napenda tulipime dai hilo mahali palipo pagumu kuliko pote, yaani kando ya kitanda cha mtoto mchanga aliyetoka kupasuliwa.

Tuanze kwa majirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1879 mmisionari kijana Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akanawa mikono na kuosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akapasua na kumtoa mtoto akiwa hai. Jeraha la mama lilifungwa kwa pini saba za chuma. Mtoto naye alitoka na jeraha dogo begani, likapona kwa siku nne. Felkin aliisoma habari hiyo mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo huko Ulaya wengi wa akina mama waliopasuliwa hivyo walikufa. Wapo waliomtilia shaka. Lakini mimi huvutwa na jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita: kwa siku kumi maziwa ya mama yalikuwa haba, na rafiki yake ndiye aliyemnyonyesha mtoto mara nyingi. Kisu kilikuwa kazi ya muda mfupi. Kupona kulikuwa kazi ya siku nyingi, na ya watu waliokaa karibu.

Hospitali za kisasa zililisahau jambo hilo. Katika Uingereza, hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto mgonjwa kwa saa chache tu kwa juma. Sababu mbili zilitolewa: wageni huleta maambukizo, na mtoto hulia wazazi wanapoondoka. Mtoto aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amezoea. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili akiwa hospitalini peke yake, na watazamaji wakaona kwamba kule kunyamaza kulikuwa ni kukata tamaa. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilishauri kwamba wazazi waingie wodini kwa uhuru, na mama wa watoto wadogo walale nao. Mwenzake Robertson katika kazi hiyo, Mary Ainsworth, alikuwa amekwisha kuja Uganda mwaka 1954, akatembelea nyumba za akina mama karibu na Kampala na kuchunguza jinsi mtoto anavyomtambua mama yake na kumtegemea. Kwa hiyo sehemu ya elimu hiyo ilikusanywa katika vijiji vya Afrika Mashariki.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa bado. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa nchi zilizoendelea waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya kichanga haijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu sawasawa, na kwamba dawa ya usingizi ingeweza kumwua. Kwa hiyo vichanga wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli tu, au pamoja na dawa hafifu. Hawakuweza kujitikisa wala kulia. Mwaka 1985, mjini Washington, mtoto njiti mmoja alipasuliwa kwa namna hiyo karibu na moyo, akafariki baada ya wiki chache. Mama yake alipoujua ukweli hakukubali kunyamazishwa. Aliandika na kuuliza mpaka magazeti yakaandika. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake waliokuwa Oxford walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji kuliko wenzao. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitangaza kwamba vichanga nao wapewe dawa hizo. Jambo ambalo mama yeyote wa kijijini angelijibu bila kufikiri lilihitaji maabara ili liaminiwe.

Huku kwetu Bugarama, wilayani Ngara, kosa letu si kumfukuza mama wodini. Shida yetu ni umbali. Mjukuu wangu alizaliwa bila tundu la haja kubwa, na safari ya kwenda Mwanza ilipita Biharamulo na Geita hadi Busisi, ambako gari lilingoja kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 tu. Madaktari walimfungulia njia ya muda tumboni. Mkaza mwanangu alikaa kando yake akihesabu pumzi, akitazama rangi ya midomo na mkojo kwenye nepi, akikamua maziwa kila baada ya saa tatu. Usiku wa tatu alimwambia muuguzi, "Dada, analia sauti siyo yake." Kipimajoto kilikuwa bado hakijasema kitu. Muuguzi yule hakumbeza, alimwita daktari, na dawa ikaanza mapema.

Simsifu mama ili nimdharau daktari. Bila kisu mtoto yule asingeishi juma moja. Nasema tu kwamba historia imeipitisha methali yetu katika mtihani mgumu, nayo imefaulu. Basi tunapojenga vyumba vya upasuaji karibu na vijiji vyetu, tujenge na mahali pa mama kulala, tumpatie chakula, na tumwandikie muuguzi swali moja katika kila zamu: mama, leo unamwonaje mwanao?