Asilimia Moja ya Vijijini: Uganda Ilivyolivunja Shirika la Posta na Simu

Kabla ya mwaka 1998, aliyetaka simu ya nyumbani nchini Uganda aliomba serikalini, kisha akasubiri. Kwa kila watu 100 haikufika hata laini moja, na nyingi ya hizo chache zilikuwa Kampala. Mbarara ilipata kidogo. Kikagate, mji wa mpakani kando ya Mto Kagera, mkabala na Murongo ya Tanzania, ulibaki nje ya hesabu.

Mzizi wa hali hiyo ni wa zamani. Mkataba wa Afrika Mashariki wa 1967 ulihamishia Kampala makao makuu ya shirika la pamoja la posta na simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilibaki na sehemu yake, ikawa shirika la taifa, UPTC. Kisha ikaja vita na Tanzania; Februari 1979 mji wa Mbarara ulibomolewa. Shirika liliendelea kuuza huduma huku likizisimamia, mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Simu za mkononi ziliingia mwaka 1995 kupitia Celtel, lakini kwa bei ya wenye nazo.

Ndipo bunge likapitisha Sheria ya Mawasiliano ya 1997. UPTC ilipasuliwa: simu zikaenda Uganda Telecom, barua zikabaki Posta Uganda, akiba za wananchi zikawa benki ya PostBank. Usimamizi ulipewa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. MTN ilipata leseni mwaka 1998 na kuanza kazi Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 2000 asilimia 51 ya hisa za Uganda Telecom iliuzwa kwa muungano wa kampuni za kigeni ulioitwa Ucom, kwa dola milioni 33.5. Baadaye hisa nyingi zilishikwa na kampuni ya Libya, ambayo ilijiondoa mwaka 2017, na Uganda Telecom ikawekwa chini ya msimamizi.

Ushindani ulishusha bei, ila haukutosha kuipeleka simu kila mahali. Kampuni hujenga mnara penye wateja wenye fedha. Kwa hiyo sheria iliruhusu watoa huduma watozwe sehemu ya mapato yao, nayo ikawekwa kuwa asilimia 1, kwa ajili ya Mfuko wa Maendeleo ya Mawasiliano Vijijini. Mfuko ulianza kazi mwaka 2003. Zabuni zake ziligeuza mnada wa kawaida: aliyeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye aliyeshinda. Fedha hizo zililipia simu za umma, vituo vya intaneti wilayani na maabara za kompyuta shuleni.

Novemba mwaka huohuo MTN ilizindua mpango wa simu za vijiji. Wanachama wa taasisi za mikopo midogo, wengi wao wanawake, walikopeshwa simu na antena, wakawauzia majirani dakika za maongezi.

Sheria mpya ya 2013 iliunganisha UCC na Baraza la Utangazaji. Marekebisho ya 2017 yakaondoa sharti la kanuni za waziri kuidhinishwa na bunge, na wapinzani wakalalamika kuwa udhibiti umekabidhiwa serikali kuu.

Mwaka huo pia masharti ya kusajili laini kwa kitambulisho yalikazwa. Katika makazi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo yamo wilaya ya Isingiro pamoja na Kikagate, walikuwapo wengi wenye barua ya usajili wa familia tu, bila kadi. Bila laini hakuna kupokea pesa kwa simu. Mwaka 2019 UCC iliagiza kwamba barua hiyo ikubaliwe.

Agizo hilo lilifungua mlango ambao asilimia 1 peke yake isingeufungua. Lakini ni agizo la ofisi, na ofisi inaweza kulifuta. Wabunge watakapoigusa tena Sheria ya Mawasiliano, waliandike humo.