Nusura ya Haki na Nusura ya Dhuluma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Maudhui yetu ya leo ni jambo zito ambalo huwafikia watawala na raia kila nchi ya jirani au ya rafiki inapovamiwa: je, tupeleke askari wetu kwenda kuihami, au tuwazuie? Wako wasemao kwamba kwa Mwislamu jibu ni jepesi, kwani akivamiwa Mwislamu mwenziwe hana budi kwenda kumnusuru. Lakini Qur'ani haikuliacha jambo hili kwa wepesi huo, na historia ya nchi yetu wenyewe ni shahidi.

Hapa Dodoma upo msikiti mkubwa ujulikanao kwa jina la Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010. Vijana wengi waswalio ndani yake hawakuwa wamezaliwa katika mwaka 1979, wakati askari wa Libya na askari wa Tanzania walipokuwa wakiuana katika ardhi ya Uganda. Yafaa wazijue habari hizo, kwani zina mafunzo kwa kila Mwislamu.

Mwezi wa Oktoba 1972, baada ya mapigano ya mpakani, Tanzania na Uganda zilifanya mapatano mjini Mogadishu kwamba kila upande urudishe nyuma majeshi yake. Miaka sita baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia katika Mkoa wetu wa Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Raia wakauawa, idadi yao ikikadiriwa kufikia 1,500, wanawake wakavunjiwa heshima, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka. Watu wa nyanda hizi za kati, ambao ng'ombe kwao ni mali na ni mahari, hawahitaji kuelezwa maana ya msiba huo.

Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, na nia na uwezo tunao. Reli ya Kati, ipitayo hapa Dodoma na Tabora hadi Mwanza, ikabeba askari na zana. Wanajeshi wakaunganishwa na polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo wa vijijini. Katika safu hizo walikuwamo Waislamu na Wakristo, na walikuwamo wasio na dini hizi mbili, nao walizikwa pamoja.

Basi sasa tuitazame Libya. Kanali Muammar Gaddafi alikuwa na swali lile lile tuliloanza nalo. Uganda, iliyoingia katika Jumuiya ya Mkutano wa Kiislamu mwaka 1974, ilikuwa imeingiwa na majeshi ya kigeni, maana mwezi wa Januari 1979 jeshi la Tanzania lilivuka mpaka na kuushika Mutukula. Mtawala wake alikuwa Mwislamu, naye aliomba msaada. Gaddafi akaitika. Akapeleka askari zaidi ya elfu mbili, nao wakapigana na majeshi yetu huko Lukaya mwezi wa Machi. Mwishoni mwa mwezi huo akaitaka Tanzania iondoke Uganda, na ndege ya Libya ikaja kutupa mabomu Mwanza, yakakosa shabaha. Askari wake wengi, vijana wa Kiislamu, walikufa mbali na mama zao kwa ajili ya mtu ambaye tarehe 11 Aprili 1979, siku ulipotekwa mji wa Kampala, alikuwa ameshaukimbia.

Ndugu zangu, tuipime nusura hiyo kwa mizani ya sheria. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, alitufunza kumsaidia ndugu yetu akiwa ni mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa. Sahaba wakastaajabu: mwenye kudhulumiwa tunamsaidia, lakini mwenye kudhulumu tutamsaidiaje? Akawafahamisha kwamba msaada wake ni kumzuia asidhulumu. Aliyempenda Amin kwa ajili ya Uislamu ilimpasa kumshika mkono tangu Oktoba 1978 na kumwambia: rudi kwako. Na ilimpasa kumshika mkono kabla ya hapo, kwani dhuluma yake haikuchagua dini. Mwaka 1972 aliwafukuza watu wenye asili ya Asia, na miongoni mwao Waislamu walikuwa wengi. Mwaka 1973 aliuawa Shaban Nkutu, Mwislamu aliyekuwa waziri katika serikali iliyotangulia.

Tena Mwenyezi Mungu ametuwekea mipaka miwili. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 9, tumeamrishwa kwamba makundi mawili ya waumini yakipigana tuyapatanishe. Na likifanya uadui mojawapo, tulipige hilo lenye uadui mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu, kisha tupatanishe kwa uadilifu. Aya hiyo haikuuliza ni lipi lililo karibu nasi kwa kabila au kwa urafiki. Imeuliza ni lipi lililofanya uadui. Na katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 72, waumini wanaotuomba nusura katika dini tunawajibika kuwanusuru, ila juu ya watu ambao baina yetu na wao pana ahadi. Tazameni, ndugu zangu: hata udugu wa dini hautoi ruhusa ya kuvunja mapatano. Libya, Uganda na Tanzania zote zilikuwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963, ambao uliamuru kuheshimu mipaka ya kila nchi. Wa kwanza kuivunja ahadi hiyo alikuwa Amin.

Mfano mwema tunao katika sira. Baada ya Sulhu ya Hudaybiya, kabila la Khuza'a liliingia katika ahadi ya Mtume (S.A.W.), na Banu Bakr wakaingia katika ahadi ya Makureshi. Banu Bakr wakawashambulia Khuza'a kwa msaada wa Makureshi. Amru bin Salim akaenda Madina kuomba nusura, na Mtume akaitika. Hilo likawa sababu ya kuiendea Makka katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra. Wala Khuza'a hawakuwa wote wamesilimu siku hiyo. Walinusuriwa kwa kuwa walidhulumiwa na kwa kuwa walikuwa na ahadi. Na lile jeshi kubwa lilipoingia Makka halikulipiza kisasi, bali watu wa mji walisamehewa.

Hapa, ndugu zangu, uadilifu unatulazimisha kujiuliza na sisi. Kuwatoa wavamizi Kagera ilikuwa haki yetu iliyo wazi. Lakini je, ilikuwa haki kuendelea mpaka Kampala? Katika mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia mwezi wa Julai 1979, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania. Hoja yao haikuwa nyepesi: ikiwa kila nchi yaweza kuingia kwa jirani na kumwondoa mtawala mbaya, ni nchi gani dhaifu itakayosalimika? Tanzania ilijibu kwamba Amin hakuomba radhi wala hakuahidi kutorudia, na kwamba Umoja wenyewe haukumlaani alipovamia. Mimi naona jibu hilo lina nguvu, maana aya inasema mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu, na Amin hakurejea. Lakini hoja ya Monrovia yafaa ibaki masikioni mwetu, ili tusijizoeze kuvuka mipaka ya watu kwa kuwa tulivuka mara moja kwa sababu.

Na hasara tuihesabu. Yakadiriwa kwamba vita vilitugharimu dola milioni 500. Wananchi wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikakaa imefungwa kwa muda mrefu kuliko huo. Kubwa zaidi ni lile lililowapata Waislamu wa Uganda. Kwa kuwa Amin alijifunika joho la dini, na Libya ikaja kwa jina la dini, alipoanguka wako waliodhani kwamba kila Mwislamu ni mtu wa Amin. Katika sehemu za magharibi ya Uganda, mwaka 1979, Waislamu waliuawa kwa kisasi, hali wengi wao hawakuwa na hatia yoyote. Huo ndio mwisho wa kumpa dhalimu bendera ya Uislamu. Yeye hupanda ndege akaenda uhamishoni, na maskini wa kijijini hulipa deni lake.

Ndugu Waislamu, swali hili halikuisha. Mwaka 2013 askari wetu walikwenda mashariki ya Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, na Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa huko na kundi lijinasibulo na Uislamu. Jumuiya ya Kusini mwa Afrika nayo ilipeleka jeshi Kongo, likiwamo la Tanzania, kuanzia Desemba 2023, na mwezi wa Machi 2025 ikaamua kulirudisha. Kwa Katiba yetu, Ibara ya 44, Rais akitangaza hali ya vita, Bunge huitishwa katika muda usiozidi siku 14 kulizingatia tangazo hilo. Bunge hilo lipo hapa Dodoma. Wabunge ni watoto wa nyumba zetu, na baadhi yao huswali nasi. Shauri ni amri ya Mwenyezi Mungu, na Mtume mwenyewe alitaka shauri kabla ya Uhud.

Basi litakapokuja tena jambo kama hili, tusikimbilie kuuliza mtawala yule ni wa dini gani. Tuulize: nani amedhulumiwa? Ahadi gani inatufunga? Na wapi tutasimama, ili dhuluma tuliyokwenda kuiondoa tusiirithi sisi? Aliyewafunza watoto wake maswali haya nyumbani ameshatoa shauri kabla ya siku ya shauri.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa Kagera, na wafariji mayatima wao hapa na Libya na Uganda. Tujaalie tuwe wasaidizi wa mwenye kudhulumiwa na wazuiaji wa mwenye kudhulumu. Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Wabillahi tawfiq.