Pua ya Fundi, kutoka Kabureta hadi Pampu

Barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, imepitisha vizazi vya magari, na kila kizazi kina chanzo chake cha harufu ya petroli.

Tangi la Volkswagen Beetle lilikaa chini ya boneti ya mbele. Mpira wake ukipasuka, harufu iliwafuata abiria ndani. Kwa Peugeot 404, iliyoanza kuundwa 1960, fundi alianzia kwenye kabureta: boya likikwama, petroli hufurika.

Mwaka 1967 mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kwa umeme uliingia kwenye Volkswagen 1600 badala ya kabureta.

Leo, kwenye Toyota nyingi zilizotumika Japani, fundi huinua kiti cha nyuma, akapapasa mipira ya pampu inayolisha mfumo kama huo, juu ya tangi. Kidole kikilowa, amepata.